Kuoanisha miamba ya bahari ya kale kwa isotopi za kaboni: mwongozo kamili kwa anayeanza

Chukua kipande cha udongo mgumu kutoka machimbo ya Dababiya, kilomita kama 35 kusini mwa Luxor nchini Misri. Kiweke mezani kando ya kipande cha mwamba uliochorongwa ardhini mkoani Lindi, pwani ya kusini mwa Tanzania. Kwa macho huwezi kujua kwamba vipande hivi viwili vilitua kwenye sakafu ya bahari wakati mmoja. Rangi ni mbalimbali, chembe ni mbalimbali, hata kina cha bahari iliyovizaa hakikuwa kimoja. Lakini pima kaboni iliyomo, na vyote viwili vitakuonyesha kovu lilelile: miaka milioni 56 iliyopita kaboni ya bahari zote ilikuwa nyepesi ghafla, ikakaa hivyo kwa muda, kisha ikarudi taratibu.

Kovu hilo ndilo linalotuwezesha kusema "tabaka hili hapa ni lile kule". Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa jiolojia, au yeyote aliyepewa sehemu ya mwamba wa bahari na kuambiwa aioanishe na nyingine. Nitashika tukio hilo moja, joto kali la mpaka wa Paleosini na Eosini, vipindi viwili vinavyofuatana vya historia ya dunia, ambalo wataalamu huliita PETM kwa herufi zake za kigeni. Nimelichagua kwa sababu mpaka wa Eosini ndio mfano safi kuliko yote: mwaka 2003 wanajiolojia wa dunia walikubaliana rasmi kwamba Eosini inaanza pale Dababiya, kwenye sentimita ambapo kaboni inaanza kushuka. Hawakuchagua kisukuku. Walichagua mkunjo wa kaboni, yaani mstari wa grafu unaoonyesha kaboni ikibadilika tabaka kwa tabaka.

Kwanza uelewe unachopima

Kaboni ina isotopi tatu unazozisikia, yaani atomi za kaboni zinazotofautiana kwa uzito tu. Kaboni-12 ni karibu asilimia 98.9 ya kaboni yote, kaboni-13 ni kama asilimia 1.1, na kaboni-14 ni chembe tu. Hiyo ya mwisho isahau. Nusu-uhai wake ni miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi haibaki ya kupimika. Nasema hivi kwa sababu kila nikitaja isotopi za kaboni kuna mtu anadhani tunapima umri wa mwamba, kama watu wa mambo ya kale wanavyopima umri wa mkaa. Hapa umri haupimwi. Kinachopimwa ni uwiano wa kaboni-13 kwa kaboni-12, na uwiano huo tunaulinganisha na kiwango kimoja cha dunia:

δ¹³C = (uwiano wa sampuli ÷ uwiano wa kiwango − 1) × 1000

Jibu linasomwa kwa elfu, alama ‰. Kiwango cha kwanza kilikuwa kisukuku cha belemnaiti, mnyama wa bahari wa kale aliyefanana na ngisi, kutoka tabaka za Pee Dee, South Carolina, Marekani. Kilisagwa kikaisha miaka mingi iliyopita, na leo tunatumia skeli iitwayo VPDB, inayoshikiliwa na unga wa mawe ya rejea.

Mimea na vijimea vya baharini hupenda kaboni nyepesi. Mabaki yao mara nyingi huwa kati ya −20 na −30‰, wakati chokaa inayojengwa baharini hukaa jirani ya 0. Mabaki ya viumbe yakizikwa kwa wingi, kaboni nyepesi inatoka kwenye maji, na chokaa inayofuata inakuwa nzito: mkunjo unapanda. Kaboni nyepesi ikimwagwa baharini na angani kutoka ghala fulani, mkunjo unashuka. Kwenye PETM ulishuka, kwa takriban 2.5 hadi 4‰ katika miamba mingi ya bahari. Ghala lililomwagika bado linabishaniwa: methani iliyogandishwa chini ya bahari, ambayo ni nyepesi mno (karibu −60‰), volkano za Atlantiki ya Kaskazini, au vyote kwa pamoja. Kwa kazi ya kuoanisha huhitaji kumaliza ubishi huo.

Unachohitaji kukijua ni kwa nini mkunjo ni wa dunia nzima. Kaboni hukaa baharini kwa kiasi cha miaka laki moja kabla ya kuzikwa, lakini maji ya bahari zote huchanganyika ndani ya miaka elfu moja au mbili hivi. Ni sawa na chumvi kwenye sufuria inayokorogwa: popote utakapochota kijiko, ladha ni ile ile. Ndiyo maana bahari ya Misri na bahari ya Lindi ziliandika habari moja.

Badiliko la ghafla kama hili tuliite mchepuko. Najua mtaani neno hilo lina maana yake nyingine, na wanafunzi hucheka, lakini hata huku maana haiko mbali: mkunjo umeacha njia yake ya kawaida, na baadaye unarudi nyumbani.

Hatua ya 1: Anza na visukuku, kaboni ibaki nyuma

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalofanywa na watu wenye mashine nzuri. Mchepuko hauna jina. Mkunjo wa kaboni unaoshuka 3‰ ukiwa peke yake hauwezi kukuambia kama ni PETM, au ni mpaka wa Permi na Triasi wa miaka milioni 252 iliyopita, au ni uchafu tu. Jina linatoka kwingine.

Kwa miamba ya umri huu, jina linatoka kwa foraminifera (viumbe vidogo vya bahari vya seli moja, vyenye gamba) na visukuku vidogo vya vijimea vya chokaa. Osha gramu chache za udongo kwenye chujio la mikromita 63, tazama kwa hadubini. Ukikuta Acarinina sibaiyaensis, Acarinina africana au Morozovella allisonensis, uko ndani ya mchepuko wenyewe, kwa sababu hawa walistawi katika bahari za joto wakati huo kisha wakatoweka. Kwenye vijimea vya chokaa tafuta Rhomboaster na Discoaster araneus. Na kwenye foraminifera wa sakafu ya bahari kuu utaona pigo: kati ya asilimia 30 na 50 ya spishi zao zilitoweka hapo.

Usumaku wa mwamba nao husaidia, ila ujue mipaka yake. PETM iko ndani ya kipindi cha usumaku kinachoitwa C24r, ambacho sumaku ya dunia ilikuwa imegeuka. Mchepuko mdogo unaoufuata, ule wa miaka milioni 54 hivi iliyopita, nao uko ndani ya C24r hiyohiyo. Kwa hiyo usumaku peke yake hautatenganisha hiyo miwili. Vijimea vya chokaa vitatenganisha: wa kwanza uko kwenye kanda NP9, wa pili kwenye NP11 (kanda ni kipande cha wakati kinachotambulishwa na visukuku vyake, na NP ni namba za kanda za vijimea hivi).

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nafasi kati ya sampuli kabla ya kufunga safari

Mchepuko wote wa PETM, toka kushuka hadi kurejea, ulichukua takriban miaka 170,000 hadi 200,000. Sasa kadiria kasi ya mashapo kwenye sehemu yako. Tuseme sentimita 1 kwa kila miaka 1,000. Basi tukio zima ni mita 2 tu za mwamba. Ukichukua sampuli kila mita moja, kama wengi wafanyavyo safari ya kwanza, utapata nukta mbili na huwezi kuchora chochote. Ukichukua kila sentimita 10, utapata nukta 20, na umbo litaanza kuonekana. Kwenye mwanzo wa mteremko, ambao ulichukua miaka elfu chache tu, shuka hadi sentimita 2 au 1.

Utaratibu wangu ni kupita mara mbili. Mara ya kwanza nachukua nafasi pana kwenye sehemu nzima, napima, naona mchepuko uko wapi. Mara ya pili narudi palepale na kubana. Ni ghali kwa nauli lakini ni rahisi kwa maabara, na maabara ndiyo inayomaliza fedha. Kama huwezi kurudi, chukua sampuli nyingi tangu mwanzo, pima moja katika kila tano, kisha jaza mapengo.

Hatua ya 3: Uwandani

Chimba mpaka upate mwamba ambao jua na mvua havijaufikia. Kwenye udongo wa tropiki hiyo inaweza kuwa nusu mita au zaidi, na ndiyo sababu pwani ya Tanzania watafiti wa mradi wa uchorongaji waliofanya kazi na Shirika la Maendeleo ya Petroli walitumia mashine za kuchoronga badala ya kutegemea makorongo. Kaboni ya mizizi na ya udongo wa juu ni nyepesi, na itakutengenezea mchepuko wa uongo karibu na uso wa ardhi.

Pima unene wa tabaka kwa fimbo iliyosimama wima dhidi ya mlalo wa tabaka. Kuangalia kwa macho hakutoshi. Weka alama ya juu na chini kwenye kila kipande. Epuka mishipa ya kalsaiti (fuwele za chokaa), matundu yaliyojazwa, na vile vinundu vigumu vya chokaa: vyote viliganda baadaye, kutoka kwa maji mengine. Andika namba kwa penseli kwenye karatasi ndani ya mfuko na kwa wino usiofutika nje. Niliwahi kuandika nje tu, kwa kalamu ya kawaida, mvua ikanyesha njiani, na mifuko kumi na mbili ikawa haina wenyewe. Niliitupa. Sampuli isiyojulikana mahali pake ni kokoto tu.

Hatua ya 4: Amua unapima kaboni ipi

Hapa pana utamu wa kazi, na pana mitego mingi pia. Mwamba mmoja unaweza kuwa na kaboni za aina tatu au nne, na kila moja ina hadithi yake.

Chokaa ya mwamba mzima ndiyo rahisi. Unachukua keekee ndogo ya daktari wa meno, unatoboa, unakusanya unga. Inafaa kwa mawe ya chokaa ya bahari ya wazi na kwa miamba ya kale sana isiyo na visukuku vya kuokota. Ubaya wake ni kwamba unapima mchanganyiko wa kila kitu kilichomo.

Magamba ya foraminifera ni bora, ukiwa na subira ya kuyaokota. Lakini usichanganye spishi. Wale wanaoishi juu kwenye mwanga pamoja na vijimea huwa wazito zaidi kuliko wale wa chini, na hata ndani ya spishi moja gamba kubwa huwa zito kuliko dogo. Chagua spishi moja, ukubwa mmoja, kwa mfano mikromita 250 hadi 300, na ushikilie hapo kwenye sehemu nzima. Ukibadilisha spishi katikati ya mteremko, umejitengenezea mteremko wako mwenyewe. Foraminifera wa Tanzania wana sifa duniani kote kwa hili: walifukiwa kwenye udongo mfinyanzi usiopitisha maji, bila kwenda chini sana, na magamba yao bado yanang'aa kama kioo. Ukizoea wale weupe kama chaki wa sehemu nyingine, mara ya kwanza ukiona hawa chini ya hadubini utadhani wamekufa juzi.

Upo pia mtihani mzuri wa gamba mojamoja. Kwenye kisima namba 690 karibu na Antaktika, ambako James Kennett na Lowell Stott walielezea tukio hili mwaka 1991, watafiti waliokuja baadaye walipima magamba mojamoja. Yalikuwa ya makundi mawili: ya kabla na ya wakati wa mchepuko, bila ya katikati. Maana yake mteremko laini unaouona kwenye mwamba mzima mara nyingine ni minyoo tu iliyochanganya tope la zamani na jipya.

Mabaki ya viumbe, yaani kaboni ya ogani, huwezi kuyakwepa pale ambapo chokaa imeyeyuka. Na kwenye PETM iliyeyuka kweli. Kaboni ilipoingia baharini maji yalichachuka, na kwenye kina kirefu chokaa haikusalia: visima vilivyochimbwa mwaka 2003 kwenye mgongo wa bahari wa Walvis, Atlantiki ya Kusini, vinaonyesha tope jeupe likikatwa ghafla na ukanda wa udongo mwekundu. Hata Dababiya, tabaka la kwanza kabisa la Eosini ni udongo mweusi usio na chokaa karibu yoyote, na mwanzo wa mchepuko ulisomwa kwenye kaboni ya ogani. Ubaya wa ogani ni kwamba inaweza kubadilika kwa sababu ya chanzo tu. Majani ya nchi kavu yakiongezeka dhidi ya vijimea vya bahari, mkunjo unasogea bila bahari kubadilika. Ndiyo sababu kule Lindi walipima hata nta za majani, molekuli mojamoja, ili wajue wanafuata mimea ya nchi kavu pekee.

Ushauri wangu: kama fedha inaruhusu, pima chokaa na ogani kwenye sampuli zilezile. Vikishuka pamoja, una hoja. Kimoja kikishuka na kingine kikatulia, una tatizo, na ni afadhali kulijua mapema.

Hatua ya 5: Maabara

Kwa chokaa, saga kwenye kinu cha akiki, safisha kinu kwa asidi hafifu kila baada ya sampuli. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo: mikrogramu mia moja hadi mia tatu kwa mashine nyingi. Unga unawekwa kwenye chupa, hewa inaondolewa, kisha matone ya asidi ya fosforiki iliyokolea yanaingizwa kwenye joto la nyuzi 70 hivi. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka na kuingia kwenye spektromita ya masi, ambayo inatenganisha molekuli za uzito wa 44, 45 na 46. Usahihi mzuri ni kati ya 0.05 na 0.1‰. Kama mwamba wako ni dolomiti (chokaa yenye magnesiamu), mwambie fundi wa mashine mapema, kwa sababu dolomiti huchelewa kuyeyuka na gesi isipotoka yote namba zinapinda.

Kwa ogani, lazima uondoe chokaa yote kwanza. Tumia asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, subiri mapovu yaishe, ongeza tena, suuza kwa maji safi hadi uchachu uishe, kausha, saga, funga kwenye vikapsuli vya bati na uchome. Usiharakishe hapa. Piga hesabu hii: mwamba una asilimia 0.3 ya kaboni ya ogani yenye −27‰. Ukiacha asilimia 0.03 tu ya kaboni ya chokaa yenye 0‰, mashine itakusomea −24.5‰. Umekosea kwa 2.5‰, ambayo ni sawa na mchepuko mzima unaoutafuta.

Hatua ya 6: Sawazisha namba kwa mawe mawili ya rejea

Mashine hainyooki yenyewe. Katika kila mzunguko wa sampuli weka mawe ya rejea mawili yaliyo mbali: NBS 19, ambayo thamani yake imewekwa kuwa +1.95‰, au mrithi wake IAEA-603 yenye +2.46‰, pamoja na NBS 18 yenye −5.01‰. Tuseme leo mashine imesoma NBS 19 kuwa +1.80 na NBS 18 kuwa −5.06. Umbali wa kweli ni 6.96, umbali uliosomwa ni 6.86, kwa hiyo kila tofauti izidishwe kwa 1.0146. Sampuli iliyosomwa −0.60 iko 4.46 juu ya NBS 18. Zidisha upate 4.53, kisha ongeza kwenye −5.01. Jibu ni −0.48‰. Kwa ogani tumia rejea za ogani, kwa mfano USGS40 ambayo ni −26.39‰.

Rudia sampuli moja katika kila kumi. Ripoti tofauti, hata kama zinakuaibisha.

Hatua ya 7: Ishuku kila namba

Kaboni ya chokaa ni sugu kuliko oksijeni, na sababu ni rahisi: maji yanayopita kwenye mwamba yamejaa oksijeni lakini yana kaboni kidogo sana ukilinganisha na iliyomo kwenye chokaa yenyewe. Usugu huo una kikomo. Mwamba uliowahi kuinuka juu ya bahari ukanyeshewa mvua hupokea kaboni nyepesi ya udongo. Methani iliyopita kwenye mashapo huacha namba za chini za ajabu, na vijidudu vinavyotengeneza methani huacha za juu za ajabu.

Mtihani wa kwanza ni kuchora δ¹³C dhidi ya δ¹⁸O, kipimo kama hichohicho cha isotopi za oksijeni. Nukta zikijipanga mstari mmoja wa mshazari, zote zikishuka pamoja, uwezekano mkubwa ni kwamba maji ya mvua yamepita. Mtihani wa pili ni manganizi na stronti, elementi mbili zilizomo kidogo kwenye chokaa: mwamba ukibadilika hupoteza stronti na kupata manganizi, na kwa miamba ya kale sana wengi hukataa sampuli ambazo uwiano wa manganizi kwa stronti unazidi 10. Mtihani wa tatu ndio ninaouamini zaidi, na ni wa bei nafuu: kata kipande chembamba, kitazame kwa hadubini. Kama unaona fuwele kubwa zilizomeza kila kitu, namba yoyote nzuri ni bahati tu.

Mfano wa kutia adabu uko Oman. Kwenye mawe ya Shuram, milimani na katika eneo la Huqf, mkunjo unashuka hadi karibu −12‰, mchepuko mkubwa kuliko yote inayojulikana ya upande wa chini. Umeoanishwa na mawe ya Doushantuo nchini China, Wonoka huko Australia Kusini na Johnnie huko California. Lakini δ¹³C na δ¹⁸O zake hushuka pamoja, ule mstari wa mshazari niliokutahadharisha nao, na hakuna foraminifera wala kisukuku cha kanda wa kuamua ugomvi, maana umri wake ni zaidi ya miaka milioni 560. Wataalamu wamebishana kwa miongo ikiwa ni habari ya bahari au ya maji yaliyopita baadaye. Kwa miamba kama hiyo nguvu inatoka kwenye miaka iliyopimwa kwa madini ya mionzi, tabaka kwa tabaka.

Na usidhani kufanana kwa mikunjo ya sehemu nyingi kunatosha. Peter Swart alionyesha kwamba mashapo kandokando ya Bahamas, Maldivi na Great Barrier Reef yana mikunjo inayofanana kwa mamilioni ya miaka, ilhali haifanani na ile ya bahari kuu. Sababu ni kina cha bahari kupanda na kushuka: majukwaa ya matumbawe yakifunikwa na maji humwaga chokaa yao nzito pembeni kwa wakati mmoja. Mikunjo ililingana kweli, lakini haikuwa habari ya kaboni ya dunia.

Hatua ya 8: Sasa oanisha

Chora mikunjo yako kando kwa kando, kila mmoja kwa mita zake. Usivute wala kubana kitu bado. Gawa mchepuko sehemu nne: msingi ulio tulivu, mteremko, sakafu (sehemu ya chini kabisa ya mkunjo), na kurejea. Kwenye PETM mteremko ni mkali, sakafu ni ndefu, na kurejea ni kwa taratibu, hivyo umbo halina ulinganifu. Hilo ni msaada mkubwa, kwa sababu ukiliona umbo hilo limegeuzwa, huenda umeshika mwamba juu chini. Hutokea.

Linganisha kiasi cha kushuka. Thamani zenyewe hazilingani. Msingi wa sehemu moja unaweza kuwa +2 na wa nyingine −27, kwa sababu moja ni chokaa na nyingine ni ogani. Hata kiasi hakitakuwa sawa kabisa: nchi kavu kilizidi. Mwaka 1992 Paul Koch, James Zachos na Philip Gingerich walipokuta mchepuko huu kwenye vinundu vya udongo wa kale na meno ya wanyama huko Wyoming, Marekani, walifungua njia ya kuoanisha bahari na bara moja kwa moja, jambo ambalo foraminifera hawawezi kulifanya kwa sababu hawakuishi Wyoming.

Kisha weka nukta za kufungia, chache na zenye sababu: mwanzo wa mteremko, mwisho wa mteremko, mwanzo wa kurejea, mwisho wake. Chora sehemu A kwenye mhimili mmoja na sehemu B kwenye mwingine, tia nukta hizo nne. Mstari ulionyooka unamaanisha mashapo yalitua kwa uwiano uleule kote. Mstari uliovunjika unamaanisha kasi ilibadilika. Ngazi, yaani mstari unaosimama wima au kulala kabisa, maana yake kuna pengo: mwamba wa muda huo haupo upande mmoja. Mapengo kwenye PETM ni ya kawaida sana, hasa kwenye mwanzo wa mteremko ambapo chokaa iliyeyuka. Mteremko wa wima kabisa kwenye sehemu yako usiufurahie upesi. Huenda si ushahidi wa kasi ya ajabu bali ni ukurasa uliochanwa.

Programu za kompyuta zinazonyoosha mkunjo mmoja ukalingana na mwingine zipo na ni nzuri. Zitumie baada ya kuweka nukta zako kwa mkono. Programu italinganisha chochote utakachoipa, hata mkunjo wa Oman na wa Lindi, na itakupa alama ya kufaulu.

Mwisho rudi kwa visukuku. Je, Acarinina sibaiyaensis anaonekana ndani ya mchepuko sehemu zote mbili? Kanda ya vijimea ni ileile? Kama kaboni inasema hivi na visukuku vinasema vile, usichague upande kwa mapenzi. Rudi kwenye mifuko na uangalie namba za sampuli kwanza, kisha kata vipande vyembamba zaidi. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi zaidi kosa ni la mfuko.

Kuandika na kuhifadhi

Toa jedwali zima: mita, aina ya kaboni, δ¹³C, δ¹⁸O kama ipo, kiasi cha chokaa na cha ogani, mawe ya rejea na thamani ulizoyapa, mahali kwa GPS. Onyesha hata nukta ulizozikataa, na useme kwa nini. Unga uliobaki uweke kwenye vichupa vikavu vilivyofungwa, vyenye namba ileile ya uwandani, kwa sababu atatokea mtu mwenye mashine bora kuliko yako akitaka kupima tena sentimita zile tatu za mwanzo wa mteremko, na machimbo yatakuwa yameshafukiwa.